Story of Seasons mbele ya gemu za shamba za bei chee: bado kuna soko?

#1 (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Uzi huu ni wa sisi wachache tunaocheza gemu za shamba: kulima, kufuga, kuoa, kuolewa, kwenda sherehe za kijiji. Wa mpira na bunduki mnakaribishwa pia, ila leo nina maneno mengi.

Juzi nimemaliza mwaka wa kwanza wa Story of Seasons: Grand Bazaar, ile iliyotoka Agosti 2025. Kwa asiyeijua: unahangaika shambani wiki nzima, halafu inafika siku ya gulio. Unapanga meza yako, mayai huku, jibini pale, maua mbele yavutie macho, kisha unapiga kengele. Watu wanasogea, na wewe unakimbizana kuwahudumia kabla soko halijafungwa. Mimi nimekulia mji wenye gulio la Alhamisi. Bibi alikuwa anauza nyanya kwa mafungu, na fungu la mbele halikosi nyanya moja kubwa juu yake. Nilipojikuta nahamisha maua ili yakae mbele ya jibini, nilimkumbuka kabisa.

Gemu hiyo nimeilipia karibu dola 50, zaidi ya laki moja na ishirini ya kwetu. Pembeni yangu mdogo wangu anacheza Stardew Valley kwenye simu. Aliinunua miaka mitatu iliyopita kwa chini ya dola 10, na tangu siku hiyo hajaongeza hata shilingi. Ana ng'ombe, nina ng'ombe. Ana mke kijijini, nami nachumbia. Akaniuliza, "Kaka, hiyo yako ina nini cha zaidi?" Nikaanza kumjibu, nikaona jibu si la dakika mbili. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Tuanze na asili ya Story of Seasons. Mwaka 1996 Japani ilitoka gemu ya Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya enzi hizo, iitwayo Bokujo Monogatari, yaani simulizi za shamba la mifugo. Mbunifu wake, Yasuhiro Wada, alikulia Miyazaki kule kusini, akaenda Tokyo kutafuta maisha, na huko mjini akaanza kuyakumbuka ya kijijini. Enzi hizo gemu karibu zote zilikuwa za kupiga na kupigwa. Yeye akaja na gemu ya kumwagilia turnipu. Marekani ilifika 1997 kwa jina la Harvest Moon, kampuni ya Natsume ikiisambaza. Wengi wetu tuliopitia PlayStation ya kwanza tuliikuta kwenye Back to Nature, na waliokuwa na Game Boy Advance wakaikuta kwenye Friends of Mineral Town.

Halafu ukaja mkasa wa jina. Gemu ni ya Wajapani, siku hizi iko chini ya kampuni ya Marvelous, lakini jina "Harvest Moon" ni mali ya Natsume. Mwaka 2014 Marvelous waliamua kuisambaza Marekani kupitia kampuni yao wenyewe, XSEED, na wakalazimika kutafuta jina jipya: Story of Seasons. Natsume nao wakabaki na jina la zamani wakaanza kutengeneza gemu zao chini yake. Angalieni kilichotokea Marekani Machi 2021. Mwanzoni mwa mwezi Natsume walitoa Harvest Moon: One World kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Wiki tatu baadaye Marvelous wakatoa Story of Seasons: Pioneers of Olive Town, Switch hiyohiyo. Mama anayemtafutia mwanawe "ile gemu ya shamba ya zamani" anachukua ipi? Atachukua yenye jina analolijua. Asipoipenda, lawama zinaiangukia familia nzima ya gemu hizi. Kwangu mimi hili limewaumiza kuliko bei.

Sasa Stardew. Eric Barone alikuwa kijana aliyemaliza chuo kule Washington, Marekani. Alizipenda Harvest Moon za zamani, hasa Back to Nature, na aliona zilizofuata zinazidi kushuka. Akakaa zaidi ya miaka minne akitengeneza ya kwake peke yake: programu yeye, michoro yeye, muziki yeye, hadithi yeye. Ikatoka 26 Februari 2016 kwa dola 15. Ndani ya miezi miwili ilishavuka nakala milioni 1. Kufikia Desemba 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 41. Bei yake ya kompyuta ni ileile ya siku ya kwanza, na kila nyongeza, hata ile kubwa ya Machi 2024, imetolewa bure.

Upande wa pili, Olive Town, iliyouzwa dola 50, ilifika nakala milioni 1 mwaka huohuo wa 2021. Na kwa mfululizo huu hayo ni mafanikio ya kujivunia!

Kwa hiyo anayeuliza kama Story of Seasons itaishinda Stardew, swali hilo lilishajibiwa kitambo. Mimi nauliza kama milioni moja, au hata nusu yake, inatosha kuwafanya waendelee. Tupige hesabu ya kienyeji. Nakala 500,000 kwa dola 50 ni dola milioni 25. Duka la mtandaoni linachukua asilimia 30, inabaki milioni 17.5. Toa punguzo za sikukuu, toa gharama ya kadi za gemu na maboksi, toa tafsiri ya lugha kadhaa, toa matangazo. Tuseme inabaki milioni 10. Timu ya watu 40 kwa miaka mitatu inaishi hapo, ila haitajirika. Uza nakala hizohizo 500,000 kwa dola 15: milioni 7.5, duka likichukua chake 5.25, na hapo hujatoa kitu kingine. Timu hiyo inafungwa. Kwa maana hiyo hawawezi kushusha bei hadi ya Stardew hata wakitaka. Lazima wauze dola 40 au 50 na mteja aone imestahili.

Na mteja wa gemu za aina hii hana ubahili wa kuzaliwa. Animal Crossing: New Horizons ilitoka Machi 2020 kwa dola 60 na imepita nakala milioni 40. Watu wanaofurahia kung'oa magugu na kuvua samaki wametoa dola 60 bila kunung'unika, kwa sababu walipoiwasha siku ya kwanza ilikuwa imeiva.

Hapo ndipo Olive Town ilipojikwaa. Ilipotoka, mashine za kusindika zilijaa shamba zima, kila moja unaiendea kwa mguu, na kutoka eneo moja kwenda jingine unakodolea skrini ya kusubiri. Wateja wa Japani walilalamika hadi Marvelous wakaomba radhi na kuahidi marekebisho. Marekebisho yalikuja, gemu ikawa nzuri. Lakini aliyelipa dola 50 wiki ya kwanza ndiye aliyeandika maoni, na maoni hayafutiki.

Jingine ni saa mbili za mwanzo. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwenye Stardew, ndani ya saa mbili umeshapanda zile mbegu 15 za kuanzia, umevuna, umenunua nyingine, umeanza kupiga hesabu za kesho. Gemu nyingi za Story of Seasons saa mbili zinakwisha mzee wa kijiji bado anakufundisha kushika jembe. Mteja asiye na kumbukumbu ya Back to Nature anaondoka hapo, na fedha yake anaondoka nayo.

Msimamo wangu: wana soko, dogo lakini la uhakika, ili mradi waache kushindana kwenye wingi wa vitu vya kufanya. Huko wameshachelewa. Karibuni.

#2

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na naheshimu mapenzi yako, ila hapo kwenye bei umeteleza.

Sisi huku Steam inatutoza kwa dola. Mtu wa Afrika Kusini ana bei yake ya randi, sisi hatuna bei ya shilingi. Maana yake bei ile anayoona Mmarekani ndiyo ninayoiona mimi niliyeko Mbagala na mshahara wa Mbagala. Dola 15 najibana mwezi mmoja. Dola 50 ni kodi ya chumba, tena inabaki ya umeme. Kwa hiyo usiniambie "mteja hana ubahili". Animal Crossing waliinunua waliokwisha kununua Switch.

Pili, kijana wa leo haioni Stardew kama mwiga. Kwake Stardew ndiyo asili. Ukimwonyesha Story of Seasons anakwambia, "Kumbe wameiiga Stardew." Nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye banda la gemu mtaani. Na nyuma ya Stardew kuna foleni: Coral Island ya Waindonesia, Roots of Pacha, Sun Haven, na Fields of Mistria iliyoanza kuuzwa Agosti 2024 ikiwa haijakamilika, kwa bei iliyo chini hata ya Stardew, na bado watu wanaisifia. Hao wote wanakula sahani moja na Marvelous, na wote wanauza chini ya dola 50.

Mimi Marvelous nawapa matoleo mawili zaidi, kisha basi.

#3

Nyote mnazungumza bei na mimi naona hamjagusa roho ya mambo. Niko Mombasa, ni mama wa watoto wawili, gemu nacheza wakishalala.

Mimi A Wonderful Life ndiyo iliyoniteka, ile ya zamani ya GameCube, mashine ya Nintendo ya wakati huo, na sasa hii waliyoitengeneza upya mwaka 2023. Stardew nimeicheza pia, nzuri sana, sina neno. Lakini kule ukizaa, mtoto anakua mpaka anaanza kutembea, basi, anabaki hivyo milele. Mwaka wa kumi bado ni kitoto kile kile. Ndani ya A Wonderful Life mtoto anakua. Wampeleka kwa mwanamuziki, apenda ngoma. Wampeleka shambani, apenda mifugo. Ukimpuuza, unaona alivyokupuuza naye. Anafika ujana, anajibu kwa mkato. Anakuwa mtu mzima. Majirani nao wanazeeka, nywele zao zinabadilika. Takakura, rafiki wa babako aliyekupokea siku ya kwanza, wamwona umri unavyompita. Na mwisho wa yote wewe mwenyewe unafariki, na shamba unamwachia mwanao.

Mimi nililia, na si haya kusema. Nilipomaliza nilikwenda chumbani kuwatazama wangu walivyolala.

Sasa niambieni, hiyo ni bei gani? Ile ya 2023 niliinunua dola 40 na singeitaka kwa 15 kama ingekuwa imekatwa hiyo sehemu. Kosa lao ni kuwa hawaitangazi hivyo. Matangazo yao yote ni kuku, ng'ombe, maua, mandhari. Kuku kila mtu anao!

#4 (mwanzisha uzi)

Dada wa Mombasa, umelisema nililolizunguka kwa aya kumi. Hicho ndicho nilichomaanisha niliposema waache kushindana kwa wingi. Stardew ina mapango, ina kisiwa, ina kucheza pamoja tangu 2018, ina watu duniani kote wanaoiongezea vijiji na wahusika bure kabisa. Ukitaka kumshinda Barone kwa vitu, utajenga miaka kumi na bado utakuta kajenga zaidi. Lakini ana kitu kimoja ambacho gemu yake haiwezi kukifanya kwa jinsi ilivyoundwa: haina mwisho, kwa hiyo muda wake hauumi. Anayekuja kupumzika huo ni uzuri. Anayetaka kuishi maisha ya mtu mwingine kuanzia ujana hadi kaburini, hapo Wajapani wana duka lao peke yao mtaani.

Nikirudi kwa ndugu wa Mbagala: nakubali. Pale niliandika kama mtu aliyesahau kwamba alidunduliza miezi minne. Kwa soko letu bei ya dola 50 imefunga mlango, na sina utetezi. Nilichokuwa napima ni kama kampuni itapona, na kupona kwake hakutegemei sisi, kunategemea Japani na Marekani, ambako Switch zimejaa majumbani. Mpaka 2025 Switch zaidi ya milioni 150 zilikuwa zimeshauzwa duniani. Wakimpata mmoja tu kati ya kila mia tatu, nusu milioni yao imetimia.

Ila hapo kwenye "matoleo mawili zaidi" tutaachana. Kwanza, wamejifunza kufufua gemu zao wenyewe. Friends of Mineral Town, A Wonderful Life, Grand Bazaar, zote tatu ni za zamani zilizotengenezwa upya. Muundo upo, wahusika wapo, wanaozikumbuka wapo na sasa wana kazi na mishahara. Gharama ya kubuni inapungua na hatari inapungua. Pili, waliungana na Doraemon, yule paka-roboti wa katuni za Kijapani, mwaka 2019, na mzazi asiyejua Bokujo ni nini anamjua Doraemon. Mtu aliye kwenye machela hafanyi mambo hayo.

#5

Naandika programu kwa kazi, nikazie sehemu moja tu ya hesabu.

Ile dola 15 ya Stardew si bei ya soko. Barone alitumia miaka zaidi ya minne bila mshahara wa gemu, akiishi na mwenza wake, akifanya kazi ya muda ya kuelekeza watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho kule Seattle. Miaka hiyo hakuna aliyeilipia. Kampuni inayolipa watu kila mwisho wa mwezi haiwezi kushindana na mtu aliyejitolea ujana wake, kama ambavyo mwenye hoteli ya mjini hawezi kuuza wali kwa bei ya mama anayepikia uani kwake na wanawe ndio wahudumu.

Na kwa kila Barone mmoja kuna mamia waliokaa miaka minne vilevile, wakatoa gemu, ikanunuliwa na marafiki. Hao hatuwaoni, kwa hiyo tunadhani bei ya chini ndiyo dawa. Ubora ndio uliouza. Bei ya chini iliondoa kusita tu.

Ninachowaogopea Marvelous ni utitiri. Wanamiliki pia Rune Factory, ambayo ilizaliwa 2006 kama tawi la mfululizo huuhuu, shamba pamoja na mapanga. Mwaka 2025 wametoa Rune Factory: Guardians of Azuma mwezi Juni na Grand Bazaar mwezi Agosti. Mteja ni yuleyule, mfuko ni uleule, na katikati miezi miwili tu. Mimi nilinunua ya Juni. Ya Agosti nasubiri punguzo. Nyumba moja imejipokonya mteja yenyewe.

#6 (mwanzisha uzi)

Hilo la Juni na Agosti sikulifikiria, na limenikaa. Mimi mwenyewe Azuma sijainunua kwa sababu nilikuwa nadunduliza ya Agosti. Kumbe tumefanya kitu kimoja kwa njia mbili.

Basi niweke utabiri wangu bayana, atakayeufufua uzi huu baada ya miaka miwili anihukumu nao. Grand Bazaar itatembea taratibu, wengi watainunua ikishashuka bei, na jumla itawatosha. Inayofuata, kama ni mpya kabisa na wakaitoa haijaiva kama Olive Town, itaanguka, maana safari hii hakuna atakayesubiri marekebisho wakati Mistria iko pale. Wakiitoa imeiva, kwa dola 40, kompyuta na Switch siku moja, na tangazo la kwanza likaonyesha mtoto anayekua badala ya kuku, wanapita milioni bila shida. Na Rune Factory wasiitoe mwaka huo.

Jana mdogo wangu kaomba pedi ya gemu. Nikampa nikidhani ataicheza dakika tano kunitania. Kacheza siku nzima ya gulio, kapanga meza upya mara tatu, kapiga kengele, kauza mpaka maua yakaisha. Soko lilipofungwa akabaki anaangalia hesabu ya mauzo, halafu akachukua simu yake akaanza kuitafuta dukani.

Akaniuliza mbona haioni. Nikamwambia ya simu hawajatoa. Akarudi kwenye Stardew.